Wasiojua Kusoma wa Nuu

Ndululu Muindi alijifunza kusoma akiwa amekalia gunia la pojo nyumbani kwa mama yake mdogo, kijijini Nuu, wakati wa likizo. Wazazi wake waliishi Emali, baba akipakia malori na mama akiuza nyanya sokoni, na kila shule zilipofungwa mtoto alipelekwa Nuu asije akakanyagwa na magari. Mama mdogo aliitwa Kalunde, ingawa watu walimwita Mama Nzau kwa jina la kifungua mimba wake. Hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Kusoma alifundishwa na mke wa mchungaji mmoja wa zamani, jioni baada ya shamba, na kitabu alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, Biblia ya Kikamba iliyobanduka jalada. Alimwekea mtoto kitabu mapajani, akachomoa kijiti kwenye ufagio, na kila Ndululu alipokosea neno kijiti kiligonga ukurasa hapo hapo. Hakusema umekosea. Aligonga tu, na mtoto akarudi nyuma akasoma tena mpaka kijiti kikanyamaza.

Hilo lijulikane mapema, maana Ndululu mwenyewe alikuja kulisahau, na alilisahau kwa bidii.

Kichwa chake kilikuwa chepesi. Kutoka shule ya bweni kule Makueni alipanda hadi chuo kikuu Nairobi, na kutoka hapo akapata ufadhili wa kwenda kusomea shahada ya udaktari katika nchi ya baridi. Siku ya kumuaga, kanisani Nuu, Mama Nzau alisimama mbele akasoma zaburi kwa sauti iliyotulia, na Ndululu akalia mpaka akaombewa. Wazee walitaka kujua anaenda kusomea nini. Akawaeleza kwamba si kuunda kompyuta wala kuzitengeneza zikiharibika. Ni kuchunguza mtu na mashine wanapokutana: mtu anaangalia wapi, anabonyeza nini, anapotelea wapi, halafu mashine isanifiwe upya imfuate mtu badala ya mtu kuifuata mashine. Mama yake aliporudi sokoni Emali aliwaambia wenzake kwamba mtoto anaenda kusomea vidole. Hakuwa mbali na ukweli.

Huko ugenini alichagua swali lililompendeza kila aliyelisikia: mtu asiyejua kusoma atatumiaje simu? Akabuni simu isiyo na maneno, picha tupu. Mbuzi alikuwa habari za mifugo, tone la maji likawa mvua, gunia likawa bei ya nafaka, sindano ikawa daktari wa wanyama. Unabonyeza picha, sauti inakujibu kwa Kikamba. Profesa wake, mzungu mpole mwenye ndevu nyeupe, alifurahi akasema atakuja Kenya mwenyewe kuona majaribio. Kilichobaki ni watu wasiojua kusoma. Ndululu akampigia simu mama yake mdogo, ambaye tangu utotoni alimwita Mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, natafuta wamama kama kumi hivi. Lakini wawe hawajui kusoma."

"Hawajui kidogo ama hawajui kabisa?"

"Kabisa. Na profesa wangu anakuja kuwaona na macho yake. Nikikosa hao watu, masomo yangu yameishia hapo."

"Basi watapatikana," alisema Mama Nzau.

Wasiojua kusoma walikuwepo Nuu, kama wapo kila mahali, lakini walikuwa wazee wa huko ndani, na aibu yao waliificha kama mtu anavyoficha shati lililotoboka mgongoni. Hakuna hata mmoja ambaye angekubali kuketi mbele ya mzungu ili aonekane hajui. Waliokuwa tayari kuitwa na kuja ni wanawake wa kikundi chake cha kanisa, na hao wote walikuwa wanasoma. Aliyewafundisha ni yeye. Kila Jumatano baada ya maombi aliwapanga kwenye mabenchi, akapita nyuma yao na kijiti cha ufagio, mwaka baada ya mwaka, mpaka hata Kasyoki, mweka hazina, aliyeingia darasa hilo akiwa na wajukuu, akawa anamwandikia mwanawe wa Mombasa meseji za kumgombeza. Kazi hiyo hakulipwa wala kusifiwa. Lakini kama Mungu angemuuliza amefanya nini duniani, Mama Nzau angeonyesha yale mabenchi.

Kikundi chenyewe kilianza kama vilivyoanza vikundi vingi vya Ukambani, kwa mwethya: leo tunachimba matuta kwa fulani, kesho kwa mwingine. Sheria zake haziandikwi mahali. Ikifika zamu ya mwenzako, yeye ndiye husema shamba lake linataka nini. Akitaka majembe unaleta jembe, akitaka karai unaleta karai. Huleti unachopenda, na huulizi kwa nini. Na kazi haiishi mpaka mwenye shamba mwenyewe aseme imetosha. Mama Nzau akasimama mbele ya wenzake akawaambia kwamba safari hii ni zamu ya mtoto wake.

"Shamba lake linataka watu hawajui kusoma," alisema. "Tutampelekea."

"Na tukijisahau tusome?" aliuliza Kasyoki, ambaye hakosi mzaha.

"Mtajikaza."

Jumatano hiyo hawakusoma. Walifanya mazoezi ya kutojua.

Mzungu alipokuja, walijitia hamnazo hadi ikapita kiasi. Kasyoki aliipokea simu ya Ndululu kwa mikono miwili, akaishika kichwa chini miguu juu, na mzungu akaandika jambo hilo haraka haraka. Sasa, fundi aliyetengeneza programu alikuwa amejiachia alama zake: chini ya kila picha, kwa herufi ndogo sana, palikuwa na jina la picha hiyo kwa Kikamba. Ndululu aliziona herufi hizo, akaziacha, kwani zingemdhuru nani ikiwa hawa hawasomi? Wanawake nao waliziona. Walipoambiwa watafute daktari wa mifugo, kwanza walipapasa huku na huko kwa adabu, kisha vidole vikaenda moja kwa moja. Mara ya pili hakuna aliyekosea.

Katikati ya jaribio, simu ikalia ndani ya leso ya mmoja wao. Wote wakatazama dari, na ile simu ikalia mpaka ikachoka. Ndululu aliisikia, na alijua imelilia wapi. Akajiambia ni ya dereva.

Jioni profesa alimshika mkono kwa furaha. Hakuwahi kuona watu wasiosoma wakijifunza upesi namna ile. Lazima kuna siri, alisema, na Ndululu akamtafutia siri. Akaandika kwamba mtu asiyejua kusoma hatazami picha kwa maana yake, anaikumbuka kwa mahali ilipo, jinsi anavyokumbuka njia ya kwenda kisimani. Akaiita Nadharia ya Njia. Ilikuwa nadharia tamu, ilieleza kila kitu, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba haikuwa kweli.

Ilimlea vizuri hata hivyo. Ilimpa udaktari, ikampa kazi katika chuo kikuu kimoja upande wa Kwa Vonza, ikampandisha ndege mpaka miji ambayo mama yake hakuweza kuitamka. Kila alipohutubu, nyuma yake ukutani ilisimama picha ya Kasyoki ameshika simu kichwa chini, na chini yake maneno: Mshiriki wa Saba. Watu wa mataifa walimcheka Kasyoki kwa upole. Ndululu aliwaacha wacheke, kisha akainua kidole na kuwaambia kwamba kosa si la mama huyu, kosa ni la waliosanifu simu. Hapo walipiga makofi. Alikijua kituo hicho cha makofi, akawa anakinyamazia kidogo kabla hajakifikia. Mumewe, Muthama, mwalimu wa sekondari, alimwacha mwaka wa sita wa ndoa, akisema amechoka kuishi na mtu anayemchunguza anavyoshika rimoti. Ndululu alihuzunika mpaka wiki ikaisha. Alikuwa na makala ya kumalizia.

Kisha simu ya picha ikatolewa kwa wakulima wa kweli, upande wa Makueni, na fundi akasafisha kazi yake akaondoa zile herufi ndogo. Mzee Nyamai, mfugaji wa karibu na Emali, hakujua kusoma na hakujifanya. Ng'ombe wake walipougua alibonyeza picha ya ng'ombe, sauti ikamwambia bei ya maziwa. Akabonyeza tone la maji akidhani ni dawa, sauti ikamwambia mvua itachelewa. Alibonyeza hivyo asubuhi na jioni, akiitikia ile sauti kwa heshima kama mtu anayejibizana na mgeni, na ng'ombe wakaanguka mmoja mmoja mpaka zizi likabaki kinyesi. Ndululu alikwenda kumhoji. Mzee alimkaribisha, akamwomba radhi kwa kutojua kuitumia simu yake. Katika makala yake Ndululu aliandika kwamba mtumiaji hakupata mafunzo ya kutosha, na makala ikakubaliwa bila marekebisho.

Je, hakuwa na shaka? Alikuwa nayo. Shaka yake ilikuwa na sauti ya simu inayolia ndani ya leso, na kila iliposikika aliongeza kazi. Mtu akiongeza kazi vya kutosha hasikii kitu.

Akafikisha umri wa kuanza kung'oa mvi, na chuo kikatangaza nafasi ya uprofesa. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kama hicho. Kuitwa Daktari kulianza kumuudhi, kama mtu anayeitwa kwa jina la utotoni. Usaili ukapangwa, na ili faili lake linone, akamtuma mwanafunzi wake wa udaktari kwenda Nuu kurudia majaribio ya zamani na wanawake wale wale, aonyeshe kwamba miaka haijabadilisha kitu.

Mwanafunzi huyo alikuwa Cheryl Wanjiro. Wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka la vifaa vya ujenzi Emali, mkabala na pale mama yake Ndululu alipouzia nyanya, na Cheryl akazaliwa na kukulia hapo. Kikamba alikizungumza kama kila mtoto wa Emali, na Ndululu alimpenda kwa hilo. Alimwita binti yangu mbele za watu. Jumatatu Cheryl alirudi, akaingia ofisini, akafunga mlango.

"Daktari, kuna kitu sijui nitakisema aje."

"Kiseme tu."

"Jana nilienda church na wale wamama wa Nuu. Daktari, wanasoma. Wote. Mshiriki wa Saba ndiye alisoma matangazo."

"Alikuwa amekariri."

"Matangazo ya jana? Si alipewa hiyo karatasi hapo mlangoni nikiona. Na wakaniambia Mama Nzau ndiye aliwafundisha, kitambo, hata kabla ya ile research yako ya kwanza."

Ndululu aliuliza jambo moja tu. "Umemwambia nani?"

"Hakuna mtu. Nilitaka tuseme pamoja. Tunaweza andika paper ya kurekebisha, mimi na wewe, tuseme tulikosea wapi. Watu watatuheshimu. Na wazee kama huyu Nyamai, sasa si tutajua shida yao ni nini?"

Msichana alikuwa akitabasamu. Alikuwa ameleta tatizo pamoja na dawa yake, kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa ameketi mbele yake. Ndululu alimtazama, akasikia mapenzi yakimtoka moja kwa moja, na mahali pake pakaingia kitu baridi chenye akili nyingi.

"Umefanya vizuri kuja kwangu kwanza," alisema. "Nenda upumzike. Usiandike chochote bado."

Cheryl akashukuru. Alidhani ameonewa huruma.

Kesho yake Ndululu aliendesha gari hadi Nuu. Mama Nzau alikuwa akipepeta wimbi, akafurahi, akataka kusimama amkumbatie. Ndululu hakumpa nafasi.

"Mwaitu, wale wamama wanasoma?"

"Wanasoma. Nimewafunza mimi." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mbuzi walionona.

"Uliniambia hawajui kabisa!"

"Wewe ndiye ulisema kabisa. Mimi nilisema watapatikana." Kisha akauona uso wa mtoto wake, na fahari ikamtoka. "Ndululu, ulikuja na mgeni kutoka mbali. Ungekosa watu aibu ingekuwa ya nani? Ilikuwa zamu yako. Tulileta kile shamba lako lilitaka."

"Mmeniua."

Mama Nzau aliweka ungo chini, wimbi likamwagika. Alikuwa mzee sasa, na hakuwahi kusikia mtu akimwambia ameua. "Tutafanya nini?" aliuliza.

Ndululu alikuwa amekwisha kufikiria njia nzima. Hao wanawake wasisome tena mbele ya mtu yeyote. Darasa la Jumatano lifungwe. Wakija watu wa chuo kuuliza, hawajui, kama siku ile ya mzungu.

"Na mimi? Mimi ndiye nasoma Jumapili."

"Hata wewe. Huyo msichana amekutaja."

"Nikatae kusoma ndani ya kanisa, mwana wakwa?"

"Ni muda mfupi tu. Nikipata hicho cheo imeisha."

Mama Nzau alitazama wimbi lililomwagika, akaanza kuliokota punje kwa punje. "Zamu yako haijaisha, basi," alisema. "Sawa."

Aliporudi chuoni Ndululu aliketi akaandika malalamiko dhidi ya binti yake. Aliandika kwamba Cheryl Wanjiro aliingia ibadani kuchunguza watu bila ruhusa yao. Kwamba ametunga matokeo. Na kwamba, kwa kuwa si wa jamii hiyo, hana Kikamba cha kutosha kutofautisha anayesoma na anayekariri. Alisita kidogo katika hilo la mwisho. Alimkumbuka Cheryl akitaniana na wauza maembe wa Emali hadi wakamwongezea la bure. Kisha akaliacha libaki, kwa sababu ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote. Aliijua nchi yake, na alijua watu huamini upesi nini.

Cheryl aliitwa akatakiwa akane. Alikataa. Akasema waende Nuu wajionee. Ikabidi iundwe kamati, na mwenyekiti wake akawa Profesa Kihara kutoka chuo kingine, mtu wa haki aliyechoka, ambaye alitaka jambo liishe kabla ya chakula cha mchana.

Walikutanika kanisani, kwani hakukuwa na ukumbi mwingine. Wanawake waliketi kwenye mabenchi yale yale ya Jumatano. Mchungaji Kyule alisimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka. Profesa Kihara aliichukua Biblia kutoka mimbarini, akiwaza kwamba wanawake wa kanisa hawatadanganya juu ya hiyo, akampa Kasyoki. Kasyoki aliifungua, akaikodolea macho, akatikisa kichwa. Safari hii hakufanya mzaha. Akampa jirani yake, naye akatikisa kichwa, na kitabu kikapita benchi hadi benchi kama sahani ya sadaka isiyotiwa kitu.

Cheryl akashindwa kuvumilia. Akawasemesha kwa Kikamba, Kikamba safi cha sokoni ambacho barua ya Ndululu ilisema hana. Mama zangu, si mlinisomea? Si mlinipa kuku nikaenda naye nyumbani? Kuna waliofuta macho kwa leso. Hapo Cheryl akamgeukia mwenyekiti.

"Muulize Mama Nzau. Yeye ndiye mwalimu wao. Kama amekataa na yeye, basi mimi ni mwongo."

Profesa Kihara akauliza Mama Nzau ni nani. Mwanamke mzee wa benchi la mbele akainuka nusu, akabaki hivyo, hajasimama wala hajaketi. Alikuwa akimtazama Ndululu. Hakuwa akimwomba amwokoe. Alikuwa akingoja, kama mtu wa mwethya aliyemaliza mstari wake akitazama upande wa mwenye shamba, asikie kama imetosha.

Ndululu alikuwa na neno moja la kusema, na alilijua. Akasema mengine.

"Profesa, huyu ndiye aliyenilea. Mnataka aaibike mara ngapi? Hajaingia darasani hata siku moja katika maisha yake. Hajui hata a."

Kihara aliona haya. Lakini kazi ni kazi, akamkabidhi mzee kitabu, akamwambia kwa upole atazame tu, asiogope. Mama Nzau alikipokea kikiwa sawasawa. Kilikuwa kitabu alichokisomea watu kila Jumapili tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kilijifungua chenyewe mahali palipozoea vidole vyake. Akakigeuza polepole, kwa mikono yake mwenyewe, hadi herufi zikasimama kichwa chini. Akakitazama hivyo kitambo.

"Sijui," alisema.

Mlangoni Mchungaji Kyule alivaa kofia yake akaenda zake. Na Ndululu? Tusimpake mafuta. Hakusikia uchungu. Alisikia ahueni mwili mzima, na nyuma ya ahueni akasikia njaa.

Cheryl alifukuzwa masomo. Yuko Emali hadi leo, nyuma ya kaunta ya duka la wazazi wake, akipima misumari. Wateja wanaomuuliza kwa nini mtu aliyesoma hivyo anauza misumari, anawajibu kwa Kikamba kwamba hajui. Ndululu akipita Emali kwenda kumwona mama yake huzungukia nyuma ya stesheni ya reli.

Uprofesa akaupata. Kwa Vonza walichinja, magazeti yakampiga picha, na ile nadharia ikaanza kufundishwa kwa vijana waliozaliwa baada yake. Nuu hakwenda. Alikuwa na shughuli. Na kwa kuwa hakwenda, hakuna aliyewaambia wanawake kwamba imetosha. Jumatano mabenchi yalibaki matupu. Jumapili walikuja na Biblia zao na kuziweka mapajani zikiwa zimefungwa, wengine kwa hofu ya watu wa chuo, wengine kwa aibu, na wengine, kama Kasyoki, kwa sababu hawakuona tena utamu wa kusoma. Mchungaji alimwita Mama Nzau, akamwambia kwamba mtu aliyelikana Neno akiwa amelishika mkononi hawezi kulisoma mbele ya waumini. Mama Nzau hakubisha. Alimuuliza tu kama ataruhusiwa kufagia kanisa, akaruhusiwa.

Mwaka uliofuata Profesa Ndululu akakumbuka kwamba hajafanya ibada ya shukrani. Akaja na ng'ombe wa kuchinja, na mahema, na mpiga picha. Alitaka kila kitu kiwe kama siku ile alipoagwa. Kabla ya ibada akamtafuta mama yake mdogo, akamkuta nyuma ya kanisa ameshika ufagio.

"Mwaitu, nimeongea na pastor. Amekubali leo usome. Ile zaburi ya siku niliondoka."

"Mimi sijui kusoma, Profesa."

Ndululu alicheka kidogo. Hakuwa amewahi kuitwa cheo hicho na mtu huyu. "Mwaitu, hayo mambo yaliisha."

"Yaliisha lini?"

"Basi yameisha sasa. Imetosha. Waambie na wengine, imetosha."

Mama Nzau aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni ambaye amechelewa kufika matangani. "Ulisema sijui hata a," alisema. "Mbele ya wale nimewafunza. Nilisikia na masikio yangu." Akainama akaendelea kufagia.

Wakati wa somo ulipofika hakuna aliyesimama. Mpiga picha alikuwa akingoja. Ndululu akapanda mimbarini mwenyewe, akafungua kile kitabu. Miaka mingi alikuwa amesoma Kiingereza tu, na Kikamba cha maandishi kilimtazama kama mtu mliyekosana. Akaanza. Mstari wa kwanza akaupita. Katika wa pili ulimi ukamteleza, akatamka neno visivyo, na akajua. Mwili wake ulijua kabla ya kichwa. Alisimama hapo hapo kwenye lile neno, kama zamani juu ya gunia la pojo, akingoja kijiti kigonge ili arudi nyuma.

Kwenye mabenchi, mwanamke baada ya mwanamke, kila mmoja alilijua neno lile linavyosomwa, na kila mmoja alitazama kitabu chake kilichofungwa. Ndululu akainua macho kumtafuta Mama Nzau. Alimwona kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, ufagio umelala magotini, akitazama nje mbuzi waliokuwa wakila maua ya mapambo.

Ndululu alilirudia lile neno, akalikosea tena, akaendelea na mstari wa tatu.